Uzito Unaposimama Baada ya Upasuaji wa Mchepuo wa Tumbo

Somo la afya na lishe kwa waliofanyiwa upasuaji, familia zao na wahudumu wa afya

Ichukuliwe mfano wa mama mmoja wa miaka 44, muuza dagaa sokoni, aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito miezi sita iliyopita. Siku ya upasuaji alikuwa na kilo 128. Katika miezi ya mwanzo kilo ziliteremka mfululizo. Majirani walishangaa, magauni yakapwaya, na magoti yaliyokuwa yakimsumbua kila alipopanda daladala yakatulia. Kisha mizani ikasimama kwenye kilo 101. Wiki ya kwanza alivumilia. Wiki ya pili akaacha kifungua kinywa. Wiki ya tatu akaacha na chakula cha jioni. Wiki ya nne, alipokuta kilo ni zile zile, aliona haya kurudi kliniki, kwa kuwa aliamini kwamba angelaumiwa.

Hatimaye alikwenda zahanati, lakini kilichompeleka kilikuwa kizunguzungu.

"Nesi, upasuaji umeharibika," alisema. "Kilo hazishuki tena, na mimi sili kitu."

"Pole, mama," muuguzi akamjibu. "Upasuaji haujaharibika. Hilo la kutokula ndilo linalonitia hofu."

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya kufundishia, ila yote yaliyomo hutokea kwa wagonjwa wa kweli. Wakazi wengi wanaofanyiwa upasuaji wa aina hii hupasuliwa mbali na nyumbani. Wako wanaokwenda Dar es Salaam, ambako Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila ni miongoni mwa zinazotoa huduma za kupunguza uzito kwa puto na kwa upasuaji. Wako pia wanaosafiri nje ya nchi. Baada ya hapo hurejea vijijini na mitaani kwao, ambako daktari mpasuaji hayupo na zahanati ndiyo iliyo karibu. Kwa sababu hiyo, mgonjwa, ndugu zake na mhudumu wa afya wa ngazi ya chini wanapaswa kulielewa jambo hili kwa pamoja.

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza:

(a) kueleza kwa nini uzito husimama katika miezi inayofuata upasuaji;
(b) kutofautisha kusimama kwa kawaida na hali inayohitaji matibabu ya haraka;
(c) kutaja makosa yanayomdhuru mgonjwa anapojaribu kuilazimisha mizani ishuke;
(d) kujua hatua za kuchukua na mahali pa kwenda.

Upasuaji wenyewe hufanya nini

Barabara ya mchepuo hujengwa ili magari yasipite katikati ya mji. Upasuaji wa mchepuo wa tumbo, ambao wengi huuita baipasi, hufanya jambo linalofanana na hilo. Daktari hutenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo na kuifanya kifuko chenye ujazo wa takribani mililita 15 hadi 30, yaani kijiko kimoja hadi viwili vikubwa vya mezani. Sehemu kubwa iliyobaki haitolewi. Huachwa mahali pake, ila chakula hakipiti tena humo. Kisha utumbo mwembamba hukatwa, na ncha yake ya chini hupandishwa na kuunganishwa na kile kifuko. Nyongo na majimaji ya kongosho hukutana na chakula mbele zaidi, katika maungio yenye umbo la herufi Y. Maungio hayo hubeba jina la César Roux, daktari mpasuaji wa Uswisi. Upasuaji wa mchepuo kwa ajili ya kupunguza uzito ulianzishwa na Edward Mason katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966. Tangu miaka ya 1990 umekuwa ukifanywa pia kwa matundu madogo pasipo kuchana tumbo kwa upana.

Matokeo yake ni matatu. Kwanza, mtu hushiba kwa chakula kidogo sana. Pili, homoni za utumbo hubadilika: zile za kushibisha huongezeka baada ya mlo, na njaa hupungua, hasa katika mwaka wa kwanza. Tatu, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini B12 hufyonzwa kwa shida, kwa kuwa chakula huruka sehemu za tumbo na utumbo zinazohusika na kazi hiyo. Tokeo hili la tatu husahaulika upesi, nalo ndilo linaloligeuza kosa dogo la mlo kuwa maradhi.

Uzito husimama lini

Kusimama kwa uzito maana yake ni mizani kusoma kilo zile zile, au zinazopanda na kushuka kidogo tu, kwa wiki tatu au zaidi, ilhali mgonjwa anafuata maelekezo aliyopewa. Siku tatu au tano bila mabadiliko hazihesabiki.

Kwa kawaida hali hii hujitokeza katika vipindi vitatu.

Kipindi cha kwanza ni kati ya wiki ya pili na ya nne. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, iitwayo glaikojeni. Kila gramu moja ya akiba hiyo hushikilia takribani gramu tatu za maji. Katika siku za mwanzo, mgonjwa anapokunywa vimiminika tu, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka kwa mkojo, hivyo kilo hushuka kwa kasi. Mlo unapoanza kurejea, sehemu ya akiba na maji hurudi. Mafuta yanaendelea kuyeyuka, ila maji yanayorudi huuficha upungufu huo. Wagonjwa wengi hushtushwa sana na kipindi hiki, lakini ndicho kisicho na maana kubwa kuliko vyote.

Kipindi cha pili huja katikati ya safari, mara nyingi baada ya miezi minne hadi tisa. Hapo ndipo alipofikia mama wa mfano wetu. Kusimama huku kunaweza kudumu wiki kadhaa, kukaachia, kisha kukarudi tena.

Kipindi cha tatu si kituo cha njiani bali ni mwisho wa mteremko. Wengi hufikia uzito wao wa chini kabisa kati ya mwaka mmoja na miaka miwili baada ya upasuaji. Katika utafiti mkubwa ulioanza nchini Sweden mwaka 1987, waliofanyiwa upasuaji wa mchepuo walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Baada ya miaka 10, wastani ulikuwa asilimia 25. Takwimu hizo zina mafunzo mawili: kwamba upungufu mkubwa huweza kudumu, na kwamba kurejea kwa kilo chache baada ya miaka kadhaa ni jambo la kutarajiwa wala si fedheha.

Mama yule alikuwa amepungua kilo 27 kati ya 128, yaani asilimia 21, katika miezi sita. Hakuwa ameshindwa. Alikuwa njiani.

Kwa nini mwili husimama

*Mwili mwepesi hutumia kidogo.* Gari lililoshusha mzigo hutumia mafuta machache kuliko lililosheheni. Kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor, ambayo wataalamu wa lishe huitumia kukadiria nishati inayotumika mwili ukiwa umepumzika, kila kilo inayopungua hupunguza matumizi ya mwili kwa kalori 10 kwa siku. Kwa mama huyu, mwili uliohitaji takribani kalori 1,910 kwa siku ukiwa na kilo 128 ulihitaji takribani 1,640 ulipofika kilo 101. Tofauti ni kalori 270, karibu sawa na chapati moja iliyopikwa kwa mafuta. Kutembea nako kunagharimu nishati pungufu, kwa sababu miguu haibebi tena kilo 27 zilizoondoka.

*Mwili hujihami.* Mwili hauwezi kubainisha njaa ya ukame na mlo mdogo uliotokana na upasuaji. Akiba ya mafuta inapopungua, homoni ya leptini hupungua pia, na ubongo hupokea habari kwamba ghala linakwisha. Matumizi hubanwa. Jambo hili lilionekana wazi katika majaribio ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 hadi 1945, yaliyoongozwa na Ancel Keys. Wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa wiki 24, wakapoteza takribani robo ya uzito wao. Miili yao ilipunguza matumizi ya nishati kuliko ambavyo kupungua kwa uzito peke yake kungeweza kueleza. Upasuaji wa mchepuo hupunguza ukali wa kujihami huku, lakini haukuondoi kabisa.

*Maji huficha mafuta.* Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takribani kalori 7,700. Mtu ambaye kila siku anatumia kalori 150 zaidi ya anazokula, kwa siku 28 atakuwa ametumia kalori 4,200 za akiba yake. Hizo ni kama nusu kilo ya mafuta. Nusu kilo hiyo yaweza kufichwa na mambo madogo: chumvi nyingi katika mlo wa jana, siku za hedhi, kufunga choo, au misuli inayoshika maji baada ya kazi ngumu. Mizani itasoma kilo zile zile, nayo haitakuwa imekosea; imepima vyote kwa pamoja.

*Misuli hupungua.* Mgonjwa asiyepata protini ya kutosha na asiyeushughulisha mwili hupoteza misuli pamoja na mafuta. Misuli hutumia nishati hata mtu akiwa amelala, hivyo kuipoteza ni kuuzima moto unaochoma mafuta.

*Mazoea hurudi kimyakimya.* Miezi inavyosonga, kifuko huzoea na mgonjwa huweza kula zaidi. Vyakula vinavyoteleza, kama vile biskuti zilizochovywa kwenye chai, uji wenye sukari nyingi, aiskrimu, juisi ya miwa na soda, hupita bila kushibisha. Chupa ya soda ya nusu lita ina takribani kalori 200. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takribani 120. Anayeonja mboga jikoni na kumalizia chakula cha watoto hana habari na alichokula, kwa sababu hakuketi kukila.

Mizani haisemi yote

Muuguzi wa mfano wetu hakuanza na mizani. Alimwuliza mama yule juu ya gauni alilovaa.

"Hili fundi alilipunguza mwezi uliopita," mama akasema. Kisha akalishika kiunoni, akalivuta. "Mbona linapwaya tena?"

Hapo ndipo alipotambua mwenyewe kwamba mwili wake ulikuwa ukiendelea kupungua. Kwa sababu hiyo, mgonjwa anashauriwa kupima mambo mawili, yaani uzito na mzunguko wa kiuno, kwa utaratibu ufuatao:

1. Apime uzito mara moja tu kwa wiki, siku ile ile, asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya kula. Anayepima kila siku hujitesa bure.
2. Atumie mizani ile ile, iliyowekwa juu ya sakafu ngumu, akiwa amevaa nguo nyepesi zinazofanana.
3. Apime kiuno mara moja kila baada ya wiki mbili kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani.
4. Aandike vipimo katika daftari pamoja na tarehe, na kwa wanawake siku za hedhi.
5. Alinganishe wiki nne kwa wiki nne, asilinganishe jana na leo.

Daftari hilo aende nalo kliniki. Mhudumu wa afya atajifunza mengi humo kuliko katika kumbukumbu ya mtu aliyekwisha kukata tamaa.

Makosa yanayodhuru

Kosa la kwanza ni kuacha kula. Anayekula kidogo tayari, akiacha milo miwili, hupoteza misuli, hukosa maji, na mwili wake huzidi kubana matumizi.

Kosa la pili ni kuacha vidonge vya vitamini na madini. Wengine huviacha kwa gharama, wengine kwa kudhani kwamba vinanenepesha, na wengine kwa kujiona wamepona. Vidonge hivyo ni vya maisha yote. Upungufu wa chuma na B12 hauonekani siku inayofuata. Huja polepole, kwa uchovu, kupauka na ganzi ya miguu, na ganzi ya B12 ikichelewa kutibiwa yaweza kubaki.

Kosa la tatu ni kutafuta njia ya mkato: chai za kupunguza uzito, dawa za kuharisha na mchanganyiko wa mitishamba usiojulikana kilichomo. Kuharisha hutoa maji na chumvi za mwili, hakutoi mafuta.

Kosa la nne hutokea kwa nia njema. Mgonjwa huanza mazoezi kwa pupa, magoti humuuma, naye hununua dukani diklofenaki, ibuprofeni au aspirini. Dawa za kundi hilo huweza kusababisha kidonda kwenye maungio ya kifuko na utumbo, na kidonda hicho huweza kutoa damu au kutoboka. Aliyefanyiwa upasuaji huu na aitaje hali yake kila anaponunua au kuandikiwa dawa ya maumivu. Parasetamoli, kwa kipimo sahihi, ndiyo inayopendekezwa kwanza.

Kosa la tano ni kujificha. Mgonjwa anayeona haya kurudi kliniki hukosa msaada katika wakati anaouhitaji kuliko wakati wowote.

Hatua za kuchukua

*Protini itangulie.* Wataalamu hupendekeza gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, kwa kufuata maelekezo ya kila mgonjwa. Kiasi hicho hupatikana kwa vyakula vya kawaida vya sokoni. Yai moja lina takribani gramu 6. Kikombe cha maziwa au mtindi cha mililita 250 kina gramu 8. Gramu 100 za samaki aliyepikwa zina gramu 20 au zaidi. Gramu 20 za dagaa wakavu hutoa gramu 10 au zaidi. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa hutoa kama gramu 7. Anayekula kwa siku yai moja, vikombe viwili vya maziwa au mtindi, kipande cha samaki, dagaa na maharage kwa vipimo hivyo atakuwa amekaribia gramu 60. Kwa kuwa kifuko ni kidogo, vyakula hivi huliwa kwanza, mboga zikafuata, na ugali, wali au ndizi vikaja mwisho, kwa kiasi kitakachobakiziwa nafasi.

*Kula kwa utaratibu.* Milo mitatu midogo, na vitafunwa vya protini ikiwa mtaalamu ameshauri, huliwa kwa kuketi, kwa kutafuna sana, bila haraka. Mkono urudi mezani mara tu dalili ya kushiba inapoanza.

*Maji yatenganishwe na chakula.* Maji huyasukuma matonge kutoka kifukoni, na shibe hupita upesi. Mgonjwa asinywe wakati wa kula, na angoje takribani nusu saa baada ya mlo. Katika saa nyingine anywe kidogo kidogo mpaka afikishe angalau lita moja na nusu kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Anayekusudia kufunga Ramadhani au Kwaresima azungumze na daktari kwanza, kwa kuwa utaratibu wa maji, protini na dawa utabadilika.

*Vinywaji vyenye sukari na pombe viachwe.* Sukari nyingi inayoingia utumboni kwa ghafla huleta jasho, mapigo ya moyo ya kasi, tumbo kusokota na kuharisha. Pombe nayo, baada ya upasuaji huu, huingia katika damu kwa haraka na hulevya kwa kiasi kidogo, na hatari ya uraibu huongezeka.

*Mwili ushughulishwe.* Lengo ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kumfanya mtu ahemee kidogo, kama vile kutembea kwa haraka dakika 30 siku tano za wiki. Siku mbili kwa wiki ziwe za kuimarisha misuli: kuketi na kuinuka kitini bila kushika, kusukuma ukuta kwa mikono, au kuinua chupa za maji. Kazi za shamba na za nyumbani zinahesabiwa. Katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji, kunyanyua vizito kusubiri ruhusa ya daktari.

*Usingizi na dawa vitazamwe.* Kulala saa chache huongeza njaa. Pia baadhi ya dawa huchangia kuongezeka kwa uzito, zikiwamo insulini, baadhi ya vidonge vya kisukari, dawa za jamii ya steroidi na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Mgonjwa asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake. Aulize kama kuna haja ya kubadilishiwa.

Mgonjwa akizifuata hatua hizi kwa wiki nne hadi sita, mara nyingi mizani huachia. Isipoachia, au uzito ukianza kupanda kwa wiki kadhaa mfululizo, ni wakati wa kuonana na daktari ili mlo, dawa na hali ya upasuaji wenyewe vichunguzwe.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Kusimama kwa uzito peke yake si dharura. Dalili zifuatazo zinahitaji kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo:

- kutapika kusikokoma, au kushindwa kumeza hata maji;
- maumivu makali ya tumbo, hata yakija na kuondoka, kwa kuwa utumbo huweza kunaswa ndani miezi au miaka baada ya upasuaji;
- choo cheusi kama lami, au kutapika damu;
- kuona vitu viwili viwili, kuyumba au kuchanganyikiwa, hasa baada ya siku za kutapika; hii yaweza kuwa dalili ya upungufu wa vitamini B1, nao huharibu ubongo usipotibiwa upesi;
- kutetemeka, jasho la ghafla au kuzimia kwa mtu anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu, kwani kipimo cha zamani huweza kuwa kikubwa mno kwa mwili mpya.

Wanawake wakumbuke kwamba kupungua kwa uzito mara nyingi hurejesha uwezo wa kushika mimba. Inashauriwa kuahirisha ujauzito kwa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vyema, kwa hiyo mhudumu ataeleza njia nyingine zinazofaa.

Nafasi ya familia

Katika jamii nyingi mtu anayekonda huonewa shaka. Maneno kama "umeisha" au "una nini siku hizi" humfanya aongeze chakula ili anyamazishe watu. Kwa upande mwingine, uzito unaposimama, ndugu wale wale huuliza, "Na zile fedha zote za upasuaji?" Maneno yote mawili humuumiza mtu na kumtoa katika utaratibu.

Familia humsaidia mgonjwa kwa kupika chakula kimoja chenye mafuta na sukari kidogo kwa wote, kwa kutomlazimisha kumaliza sahani shereheni, kwa kumkumbusha vidonge vyake na kumsindikiza kutembea jioni. Mpishi akimwekea samaki kwanza na ugali baadaye, amemsaidia kuliko mwenye kumhubiria.

Huduma na mahali pa kwenda

Mgonjwa aende katika zahanati iliyo karibu naye kupima uzito, shinikizo la damu na kupata ushauri wa mwanzo. Kituo cha afya au hospitali ya wilaya ndiko kwenye kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza, vipimo vya damu na ushauri wa lishe. Vipimo visivyopatikana huko, kama kiwango cha vitamini B12, hufanywa kwa rufaa katika hospitali za ngazi ya juu. Kila aendako, mgonjwa abebe karatasi ya hospitali iliyompasua inayoonyesha aina ya upasuaji na tarehe yake, daftari la vipimo, na dawa zote anazotumia. Katika mwaka wa kwanza huhitajika kuonana na wataalamu mara kadhaa, na baada ya hapo angalau mara moja kila mwaka kwa maisha yote.

Mama wa mfano wetu alipimwa damu siku ile. Hemoglobini yake ilikuwa 9.6, ilhali kwa mwanamke asiye mjamzito inapaswa kuwa 12 au zaidi. Alikiri kwamba vidonge alikuwa ameviacha tangu mwezi wa tatu. Alipewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, akaanzishiwa matibabu ya damu, na afisa lishe akampangia milo kutokana na dagaa wale wale aliokuwa akiwauza na kusahau kuwala. Baada ya wiki tano, kizunguzungu kilikuwa kimekoma. Mizani ilisoma kilo 99.

"Kilo mbili tu," alisema.

"Kilo mbili, na damu imepanda," muuguzi akamjibu. "Hiyo ya damu ndiyo niliyokuwa nikiingoja."

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kilo husimama kati ya wiki ya pili na ya nne ilhali mafuta yanaendelea kupungua?
2. Mgonjwa aliyekuwa na kilo 120 sasa ana kilo 95. Mwili wake ukiwa umepumzika unahitaji kalori pungufu ngapi kwa siku kwa sababu ya upungufu huo wa uzito?
3. Taja dawa mbili za maumivu ambazo aliyefanyiwa upasuaji wa mchepuo anapaswa kuziepuka, na ueleze sababu.
4. Jirani aliyefanyiwa upasuaji anatapika kwa siku mbili na anayumba akitembea. Je, asubiri siku ya kliniki? Eleza.
5. Panga mlo wa siku moja wenye gramu 60 za protini kwa kutumia vyakula vinavyopatikana katika soko la kijiji au mtaa wako.